Gauni Alilojishonea na Boksi la Wifi Yake

Simu iliingia nikiwa jikoni, kikombe cha chai mkononi, na kwa muda sikuelewa Kiswahili chenyewe. "Mama mdogo, mama amefariki," alisema binti wa jirani yangu, sauti yake kavu kabisa, na mimi nikamuuliza, "Mama yupi?" Kana kwamba anao wengi. Jioni ya jana yake mama huyohuyo alikuwa amepiga magoti barazani kwangu hapa Kibamba, pini zimejaa mdomoni, ananipimia pindo la sketi niliyoishona kwa msaada wake, na ananigombeza kupitia pini hizo kwamba niache kuvuta tumbo ndani. "Pumua, dada. Nguo utaivaa ukiwa unapumua." Asubuhi aliamka, akachota maji ya kuoga, akakaa kitandani, akamwambia bintiye kwamba kifua kinambana. Gari la kumpeleka hospitali halikufika hata barabara kubwa. Nawaandikia haya siku chache baada ya mazishi, wasomaji wangu, na bado geti lao likilia nageuza shingo. Lakini kinachonitisha mpaka leo ni hiki: nilipomaliza kuongea na yule binti nilisimama mbele ya kabati langu, nikatafuta jina la mama yake kwenye simu, nikampigia ili nimuulize nivae nini kwenye msiba. Simu iliita. Iliita mle ndani kwake, na aliyeipokea ni binti.

Kufikia jioni turubai lilikuwa limefungwa uani na viti vimeshushwa, na mzozo ulikuwa umeshaanza. Wifi yake, dada mkubwa wa mume wake, mume aliyefariki miaka mingi iliyopita, alikuwa amefika kutoka kwake Wazo na boksi kubwa jeupe. Wengi wenu mnalijua boksi hilo. Ndani yake mna gauni refu la satini jeupe lenye lesi kifuani, glovu nyeupe na shela fupi, na huuzwa kwenye vibanda vilivyo jirani na wauza majeneza. Kwa familia nyingi za Kikristo mjini hapa ndivyo mwanamke anavyozikwa siku hizi: kama bibi harusi. Wifi alikuwa amechagua zuri, nalisema hilo bila kejeli, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia njia nzima. Binti alilitazama gauni, akarudisha kifuniko polepole. "Asante, shangazi. Ila mama hajawahi kuvaa nguo ya dukani tangu nimfahamu. Hawezi kuanzia leo." Shangazi akashika kiuno. "Sasa unataka tumvalishe nini? Yale magauni yake ya mifuko? Marehemu anaweka nini mfukoni, wewe mtoto? Watu watapita kumuaga, waseme ukoo mzima umeshindwa gauni?" Binti akasema, "Waseme." Basi hapo ndipo tulipofika siku ile ya kwanza: mama mmoja amelala chumba cha baridi, na walio hai hawajui aende na nguo ya nani.

Ili muelewe kwa nini jambo hili halikuwa dogo, inabidi niwaeleze alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa karani katika shule ya sekondari ya huku kwetu, na nguo zake zote alijishonea au alijifumia mwenyewe. Hakuwa fundi. Hakupokea kazi ya mtu, hata ukimbembeleza; angekuambia uje na kitambaa chako akufundishe. Alianza kwa sababu ya mgongo. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na mgongo wa juu umeinama kidogo tangu usichana wake. Gauni la dukani hukatwa kwa ajili ya mgongo ulionyooka. Likivaliwa na mgongo wa namna ile, nyuma linapanda, mbele linaning'inia, na shingo inavutwa mpaka mvaaji ashinde siku nzima akilirudisha mahali pake. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi aliamini ana mwili mbaya. Siku moja alimwomba bintiye, wakati huo akiwa bado mdogo, ampime kwa futi kamba kutoka shingoni hadi kiunoni, kwanza mbele, kisha nyuma. Nyuma palikuwa parefu kuliko mbele. "Nilikaa chini nikacheka," alinisimulia. "Kumbe mwili hauna tatizo lolote. Ni mrefu nyuma, basi." Tangu hapo kila gauni alilokata liliongezwa urefu nyuma, na katikati ya mgongo aliweka mshono mmoja wa kusimama, kuanzia shingoni hadi chini, ili kitambaa kifuate umbo lake badala ya kupigana nalo.

Kufuma alikuja nako kutoka nyanda za juu kusini alikozaliwa, kwenye baridi ya kweli, ambako mama yake alimfundisha kufuma masweta ya sufu. Alipoanza kufuma hapa Dar watu walimcheka mpaka akawa gumzo. "Sweta Dar es Salaam, dada? Unaumwa malaria?" Yeye hakukasirika, alikuwa anakushikisha kizibao chake, kisweta kilicho wazi mbele, ukione mwenyewe. Kinacholeta joto ni sufu, alieleza, wala si ule ufumaji. Ukichukua uzi wa pamba na sindano nene, ukaacha matundu makubwa makubwa, unapata nguo inayopitisha upepo, na inakufaa ofisini ambako feni linakupuliza shingo kutwa nzima. Vizibao vyake vya rangi ya maziwa alivitupia mabegani bila kuingiza mikono, na ndivyo alivyotambulika kutoka mbali mtaani kwetu, pamoja na magauni yake ya kitani yenye rangi ya udongo wa matofali, majani ya mgomba uliokauka na kijivu cha saruji. Rangi zile zilitokana na vumbi la barabara yetu. Alisema haoni sababu ya kugombana na vumbi wakati anaweza kufanana nalo. Vielelezo vya kukatia alivikata kwenye magazeti ya zamani, kwa hiyo safu hii hii mnayoisoma imewahi kuwa mkono wa gauni, na mara moja, alinionyesha akicheka, ilikuwa makalio ya suruali. "Huko ndo imekaa vizuri kuliko kote," alisema.

Huyo wifi yake na yeye walikuwa na historia, na lazima niisimulie, kwa sababu bila hiyo mtamuona wifi ni mtu mbaya, naye si mbaya. Kulikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa ukoo anayeolewa, na wifi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Mnajua mambo ya sare. Kamati ilichagua kitenge, kila mama akanunua, na fundi mmoja akapewa kazi ya kushona wote mshono wa nguva: unabana kuanzia kifuani hadi magotini, kisha unafunguka chini kama mkia. Rafiki yangu huyu alinunua kitenge kilekile. Siku yenyewe aliingia ukumbini na suruali pana na kanzu fupi ya kitenge hicho, zimemkaa kama zimemwagwa juu yake. Wifi alimkuta mlangoni. "Wifi, hii nini?" "Sare, wifi." "Sare gani ina suruali?" "Kitambaa ndicho tulichokubaliana kwenye kikao. Mwili hatukukubaliana." Akina mama walipasuka vicheko, jambo lililomwongezea wifi hasira. "Haya, si unajifanya mbunifu? Kwenye picha utakaa nyuma!" "Nitakaa, wifi. Huko nyuma ndo kuna viti." Na kweli, nguva wote walisimama usiku mzima kwa sababu hawakuweza kukaa, na ulipofika wakati wa kumtuza binti, mwenyekiti mwenyewe alishindwa kupanda ngazi ya jukwaa. Akanyanyuliwa na vijana wawili, huku DJ akishangilia. Wifi hakumsamehe rafiki yangu kwa muda mrefu. Aliona amedharauliwa mbele za watu, na kwa mwanamke aliyeitumikia familia ile kwa misiba na harusi zote, kusimama pamoja katika kitenge kimoja kulikuwa ni kiapo. Nguo ya kufanana ilikuwa na maana yake ya upendo. Nilikuja kulielewa hilo baadaye, wiki hii ya msiba.

Nimekuwa nikifikiri sana jinsi tunavyovaa mjini hapa. Tunaishi wakati ambao nguo haijawahi kuwa rahisi kupatikana kama sasa. Mtumba upo, nguo mpya za kutoka ng'ambo zimetundikwa kila kona, na kwenye simu kuna picha za mitindo ya kila aina. Tunaichukua picha ya msichana mrefu mwembamba, tunampelekea fundi, tunamwambia, "Nishonee hivihivi." Nguo ikija tofauti tunamlaumu fundi, kumbe fundi ameshona hivihivi, ila sisi ndio tulio tofauti. Kisha tunaitundika kabatini, tunanunua nyingine, na asubuhi ya Jumatatu tunasimama mbele ya kabati lililojaa tukisema hatuna nguo. Rafiki yangu hakudharau mtumba wala mafundi. Mashuka ya mtumba ndiyo aliyojifunzia kukata, na mzee mmoja muuza vitambaa, wa ukoo wa Waarabu walioko mjini hapa tangu enzi za babu zao, alikuwa akimwekea majora ya kitani pembeni na kumwita "bibi mkunjaji", kwa kuwa kila kitambaa alikikunja kwanza ngumini kwa nguvu, akakifungua aone kimejikunyata vipi. Alichokataa ni kuchaguliwa nguo na mtu mwingine. Siku ya kwanza nilipomwambia nataka kujifunza kushona, nilidhani ataniketisha kwenye cherehani. Badala yake alikuja kwangu, akaniambia nitoe kabatini nguo ninazozivaa kweli, niziweke kitandani, zile za sherehe niziache zilipo. Nikaziweka. Zilikuwa chache sana, na zote zilifanana: sketi za chini ya goti, blauzi zisizobana kwapani, rangi za bluu na kijani. "Umeona?" alisema. "Mtindo wako tayari unao. Umelala tu humo chini ya nguo za watu wengine." Tulianza na sketi, kwa sababu sketi ndiyo niliyokuwa naivaa kila siku. Mshonaji mpya mara nyingi huanza na gauni la harusi ya mtu, akashindwa katikati, akauza cherehani. Yeye alinifundisha kuanza na nguo ya Jumanne.

Asubuhi ya mazishi tulikwenda wanawake watatu kumvalisha: binti, wifi na mimi. Mzozo ulikuwa haujaisha. Wazee walikuwa wameamua zibebwe nguo zote mbili na yatakayotokea yatokee hukohuko. Wifi alikuwa na boksi lake mapajani. Binti alikumbatia mfuko wenye gauni la kitani la rangi ya matofali alilojishonea mama yake na kizibao cha rangi ya maziwa. Mhudumu wa chumba cha maiti alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akatupokea kwa shikamoo na pole, akanyoosha mkono. "Nileteeni nguo, nikaipasue." Binti akarudi nyuma hatua. "Uipasue?" "Nyuma, mwanangu. Kutoka shingoni hadi chini. Mwili ukishakaza mikono haikunjiki tena, hatuwezi kuuvisha kama mtu aliye hai. Tunapasua, tunavalisha kwa mbele, tunachomeka pembeni. Kwenye jeneza haionekani." Nimehudhuria misiba mingi, nimepita mbele ya majeneza mengi, na sikuwahi kujua kwamba watu wote wale nilioona wamependeza walikuwa wamelalia nguo zilizochanwa. "Wote?" nilimuuliza. "Wote, mama. Hata hilo la kwenye boksi nitalipasua. Hata suti za waheshimiwa." Binti alikaa chini pale pale kwenye sakafu. "Hapana," alisema. "Mkasi hauligusi. Mama alishinda hajala siku ile ya kulikata, anaogopa kukosea. Hapana, hapana."

Wifi akapata nafasi yake, na sikumlaumu. Alisema kwa upole, kwa mara ya kwanza tangu siku ya msiba, "Basi mwanangu, tupasue hili langu. Lile lako ulitunze. Si ndo vizuri? Lako libaki zima." Ilikuwa hoja ya haki kabisa, na niliona binti anaanza kulegea, anaangalia boksi. Mimi nilikuwa nimeshika lile gauni la kitani, nimeligeuza ndani nje bila kujua kwa nini, labda mikono tu ilikuwa inatafuta kazi, na kidole changu kikapita juu ya ule mshono wa katikati ya mgongo. Kutoka shingoni hadi chini. Mahali palepale ambapo mhudumu alitaka kupitisha mkasi. "Halipasuliwi," nilisema, na sauti yangu mwenyewe ilinishtua. "Linafumuliwa." Mhudumu hakunielewa mara moja, nikamwonyesha: gauni hili nyuma si kipande kimoja, ni vipande viwili vilivyounganishwa na uzi. Ukitoa uzi, kitambaa kinabaki kizima, na ukirudisha uzi, gauni linarudi gauni. Mhudumu aliangalia, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Miaka yote hii," alisema, "hakuna aliyeniletea nguo yenye mlango."

Hatukuwa na wembe, sindano wala uzi. Tukatazamana. Aliyenyanyuka ni wifi. Aliliweka boksi lake kwenye benchi, akatoka nje kwenye vile vibanda, akarudi na wembe mpya na sindano, na uzi ambao alikuwa amebishania rangi na muuzaji. "Eti ananipa mweupe," alisema akihema. "Nikamwambia, baba, gauni la wifi yangu si jeupe." Tukakaa kwenye lile benchi, binti ameshika juu, mimi chini, tukikata uzi mmoja mmoja kwa ncha ya wembe. Kisha tuliingia, tukamvalisha kwa mbele, na wifi akamwinua ubavu, akamshikilia begani kwake kama anavyobebwa mtoto aliyelala, huku sisi wawili tukimshonea mgongoni kwa mkono. Mishono yetu ilikwenda upogo. Wifi alikuwa akiiangalia kwa juu, machozi yakimdondokea kwenye kitani, na akasema, "Inyoosheni bwana, nyie. Huyu atatusema." Tukacheka. Tulicheka mle ndani ya chumba kile cha baridi hadi mhudumu akafungua mlango kuangalia kuna nini. Kizibao tulikitupia mabegani bila kuingiza mikono. Boksi lilirudi Wazo kama lilivyokuja, na sijamsikia mtu akiliulizia.

Kanisani watu walipanga mstari kumuaga. Mnayajua yanayosemwa pale: "Amebadilika", "Si yeye", "Hata simtambui", maneno ya kujikinga na tunachokiona. Nilisimama karibu na jeneza pamoja na wifi, nikisubiri maneno yale, na naamini naye alikuwa akiyasubiri mengine, kuhusu satini na lesi na ukoo ulioshindwa. Mama mzee mmoja wa kikundi chao cha sala alifika, akainama, akatazama uso, kisha kitani, kisha kizibao kilichotupiwa mabegani. "Ni yeye," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu swali. Aliyemfuata akasema hivyohivyo. "Jamani, ni yeye kabisa." Wifi alinishika mkono, akauminya hadi ukauma, na hakuuachia mpaka mstari ulipokwisha.

Mshtuko haujanitoka, na sitajifanya nina maneno ya kuwatoa nyie kwenye mshtuko wenu kama mnao. Ninachoweza ni kuwaeleza nilichojifunza. Binti yule hakuhitaji kukisia mama yake angependa nini, wala hakuhitaji kuachiwa wosia. Alijua, kwa sababu mama aliishi miaka yake yote mbele ya bintiye akiwa amevaa jibu. Jiulize, wa nyumbani kwako wakiambiwa leo wachague nguo moja na kusema huyu ndiye yeye, watanyoosha mkono wapi? Kama hawajui, kosa si lao. Nawe hujachelewa, cherehani haiulizi umri, na sindano mbili za kufumia na bunda la uzi wa pamba ni mwanzo wa kutosha. Toa kabatini ile unayoivaa kuliko zote, uitazame vizuri, ujue unaipendea nini, kisha utafute kitambaa cha kufanana nayo. Utakosea. Utafumua, utarudia, na nguo ya kwanza itakuwa na upande mmoja mrefu, na utaivaa hivyohivyo sokoni kwa majivuno. Ila usisubiri upungue ndipo ujipime, wala usisubiri unenepe. Mwombe mtu wa nyumbani ashike futi kamba, akupime mbele na akupime nyuma, ukiwa unapumua, na ukate kitambaa kwa mwili huo huo ulio nao leo. Wa mwaka jana umeshapita, na wa mwaka kesho hakuna aliyetuahidi.